Mlio Kwenye Guta la Suilian

Qu Tinghe huniita kaka. Amenizidi miaka minne, kipara chake kinang'aa na nywele zangu bado zipo, lakini huniita kaka mbele za watu, kwa sababu niliingia karakana ya Mwalimu Geng siku kumi na moja kabla yake. Kwetu anayetangulia kuvuka kizingiti cha mwalimu ndiye mkubwa, hata kama ndevu hazijamwota. Watu wa mji wetu wa Gaotan wakisikia hilo “kaka” hudhani ananiheshimu. Mimi nimelisikia kwa miaka thelathini na tatu, na kila mara naona ananisimanga.

Maana cheo kilikuwa changu, mengine yote yalikuwa yake. Yule mtu alizaliwa na masikio. Guta la magurudumu matatu likikata kona pale daraja la kaskazini, bado liko mbali, yeye ameshajua kama ni bushi ya springi iliyokufa, au shokapu iliyomwaga mafuta, au bolti tu imelegea. Hainuki hata kwenye kigoda. Mimi ilinibidi nipige jeki, nitikise gurudumu, nilale chini, nichafuke hadi kwenye nyusi ndipo nipate. Guta lilipona kwangu kama lilivyopona kwake, lakini nani anasimulia habari za aliyechafuka? Wanasimulia za yule aliyekaa na chupa yake ya chai akasema, nyuma kulia, halafu akanywa.

Kuna pia habari ya Suilian, mke wangu. Mshenga alipokuwa akizungusha picha yake, mlango wa kwanza kuugonga ulikuwa wa kina Qu. Mama yake Tinghe akahesabu miaka ya kuzaliwa, mwanawe wa mwaka wa Nyani, binti wa mwaka wa Chui, akasema hawa wawili watang'atana mpaka nyumba ianguke. Akairudisha picha. Mlango wa pili ulikuwa wetu. Nimeishi na mke huyu miaka ishirini na saba, tumezaa binti, Ning, tumemwoza, na bado kuna siku natia tambi mdomoni nakumbuka kwamba ile picha niliyopewa ilikwisha shikwa na Tinghe. Yeye alioa baadaye, na mkewe akafariki miaka sita iliyopita. Nilikwenda mazishini, nikalia kweli. Njiani kurudi nikawaza, basi sasa huyu yuko peke yake. Ndivyo nilivyo, sijisifu.

La tatu ni kijiti. Mwalimu Geng alipozeeka alipata kituko. Kila akienda kukagua springi alijipenyeza chini ya gari na kijiti kimoja cha kulia chakula, cha mwanzi, amekibana mdomoni, na akatoka nacho mdomoni vilevile. Sisi tukasema daktari amemkataza tumbaku, mdomo umezoea kubana kitu. Miaka hiyo alikuwa mkali kupita kiasi, anafoka kutwa, ukimjibu polepole anakuona una dharau. Alipokuwa anakata roho, spana zake tuligawiwa sawa kwa sawa. Kijiti akampa Tinghe. Mtu aliyetufokea miaka yote, siku ile alimvuta Tinghe karibu akamnong'oneza, na mimi, mwanafunzi wake wa kwanza, nimesimama palepale miguuni pa kitanda nikitazama. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Nililia chooni.

Nilimsubiri Tinghe akitumie kile kijiti nimwone, nijue siri ni nini. Hakukitumia hata siku moja. Alikiweka juu ya kabati lake la vyombo ndani ya kopo la chai, na mimi kila nikipita kwake kuazima kitu jicho langu lilikwenda pale lenyewe.

Sasa sikilizeni la mwaka jana. Baada ya mavuno ya vitunguu saumu, Suilian, ambaye huuza tofu kwa guta lake la mizigo, akaniambia guta linalia nyuma. Likipita shimo linafanya nyii, likitoka shimoni linafanya nyii tena, watu sokoni wanageuka. Nikamwambia lete. Nikalikandamiza kwa nyuma kwa uzito wangu wote, mara kumi, mara ishirini. Kimya. Nikalala chini nikakaza kila nati, nikapaka grisi kila mahali, nikaliendesha mpaka kwenye matuta ya ghala la nafaka na kurudi. Kimya. Nikamwambia limepona. Akaniangalia kidogo, akasema bado linalia. Nikamwambia masikio yake yameingia maji ya soya. Tukabishana. Nilikuwa naongea kwa sauti yangu ya kawaida tu, lakini jirani akaja kutuamulia, akidhani napiga mtu.

Alilalamika tena mara ya pili, na ya tatu, na kila mara nilifanya kazi ileile na kupata kimya kilekile. Halafu akaacha kulalamika. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, na mimi mjinga nikafurahi.

Mwezi wa tatu nikalala chini ya guta lake kubadilisha waya wa breki. Nikainua macho, nikaona kipini kilichozuia nati ya springi. Ni kipini cha miguu miwili, unakipitisha tunduni halafu unakikunja kisichomoke. Mimi hukunja miguu yote miwili nyuma, hivyo tu, kazi imekwisha. Gaotan nzima kuna mtu mmoja anayekunja mguu mmoja kuizunguka nati kama nyoka anayelala, na kuukata wa pili sawasawa na chuma. Nikapitisha kidole. Kikatoka na grisi nyekundu. Yangu ni ya njano. Nimeweka ya njano tangu nifungue karakana.

Afadhali ningekuta barua ya mapenzi. Barua mtu anaweza kusema imeandikwa na mwehu fulani, hajui ilifikaje. Lakini mwanamume mwingine alikuwa amelala chini ya guta la mke wangu, akashika bolti ambazo mimi niliziweka, akazifungua, akapangusa grisi yangu na kupaka yake. Na Suilian alirudi nyumbani siku hiyo akanipikia kabichi kama kawaida.  Nilirudisha waya wa breki kinyume nikaanza upya.

 Nilianza kupeleleza. Gulio letu ni tarehe zote zinazoishia na tatu au nane, na liko kusini, hatua chache kutoka kwangu. Mtu anayetoka nyumbani kwetu kwenda kusini hana shughuli yoyote na daraja la kaskazini, aliko Tinghe na karakana yake. Lakini siku za gulio Suilian alianza kutoka mapema, na jioni matairi yalikuwa na udongo mwekundu ambao huku kwetu haupo, uko kule mtoni. Na kila siku ya gulio ananunua mfuko mdogo wa pilipili ya kusaga. Sisi nyumbani hatuli pilipili, tumbo langu halitaki. Tinghe hula tofu na pilipili mpaka kipara kinatoka jasho. Nilijumlisha, hata mtoto angejumlisha.

Basi tarehe kumi na tatu nikafunga karakana asubuhi, nikasema nakwenda kutafuta beringi, nikachukua baiskeli nikamfuata kwa mbali. Akapinda kaskazini bila hata kuangalia nyuma. Nilijificha nyuma ya lori la mchanga mpaka moyo utulie. Haukutulia, nikaenda hivyohivyo.

Ua wa Tinghe hauna lango, una kibanda tu cha Mama Niu anayeuza mikate ya mvuke. Nilifika kibandani nikachungulia. Guta liko katikati ya ua. Suilian amesimama juu ya bodi lake, suruali ameikunja, anaruka. Anaruka kama msichana wa shule, anacheka, jasho linamtoka, na chini ya guta imetokeza miguu miwili ya mwanamume yenye viatu vyeusi vya kitambaa. Kwenye kigoda kuna bakuli la tofu lililofunikwa na sahani, na juu ya sahani mfuko wa pilipili.

Sikumbuki nilivyovuka ule ua. Nakumbuka nilishika vile viatu nikavivuta, na Tinghe akaja navyo, mgongo ukikokota udongo, akanitazama kutoka chini na kusema, “Kaka.” Nilimwambia asiniite kaka. Nikamgeukia mke wangu, na katika maneno yote ya duniani ambayo mume angeweza kusema, likanitoka hili:

“Miaka ishirini na saba, kwangu hujawahi kuruka hata siku moja.”

Suilian akashika ukingo wa guta, akavuta pumzi. “Kwako nitaruka kwa nini? Kwako huwa halilii.”

Nikaanza kumwaga yote, picha, udongo, kipini, grisi nyekundu, mama yake Tinghe. Nilisema kwamba kama anamtaka mtu mwenye masikio basi abaki nayo, mimi nitaishi na televisheni. Aliniacha niseme. Nilipofika mahali pa kumeza mate akasema, taratibu, na nilijua ni taratibu kwa sababu niliona midomo tu:

“Baba Ning, nyamaza usikilize.”

Akaruka. Bodi likagonga, puu. Springi zikashuka, zikapanda. Nikasubiri. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia mwanamke mnene akitua. Akaruka tena, na tena, akiniuliza sasa je, na sasa je, na hacheki tena. Nikasema hakuna kitu, hakujawahi kuwa na kitu, hicho ndicho kisingizio chenu. Nikageuka nimpate shahidi, nikamwona Mama Niu pale kibandani. Ana miaka sabini na mbili na hakuna anayemlipa kusema uongo. Kila Suilian akitua, uso wake wote ulijikunja na bega likapanda kuziba sikio. Alipoona namtazama akasema, “Mtalinyamazisha lini hilo? Linanikereza meno tangu mwaka jana.”

Shomoro walikuwa wameondoka juu ya paa. Sikuwa nimewaona wakiondoka, lakini nilipofika walikuwapo. Nilitazama lile guta, nikatazama uso wa mke wangu aliyekuwa bado juu yake, nikaona amekwisha lia kidogo bila mimi kujua. Sauti ya mto nilikuwa naisikia. Sauti ya lori darajani naisikia. Ile nyembamba, ile ambayo ndiyo kazi yangu, haikuwapo, na sikujua iliondoka lini.

Tinghe alijipangusa mgongo, na Suilian akashuka akanieleza kila kitu pale pale, akiongea karibu na uso wangu. Kwamba ni miaka miwili sasa. Kwamba watu walikuwa wakitoka kwangu na maguta yaliyofungwa vizuri, yaliyokazwa, yasiyogonga, lakini bado yanalia nyii. Yeye akiwa sokoni na tofu yake alikuwa akiwavuta pembeni kabla hawajaanza kunisema, anawaambia wapite darajani. Tinghe anamalizia kile nilichoacha, hachukui chochote, ila anawaapisha wasifike kwangu na hilo neno. Na yeye Suilian anamletea tofu, maana mtu hawezi kufanyishwa kazi bure. Nikauliza ni watu wangapi. Akasema wengi. Nikauliza ni nani anajua. Akanifunga kifungo cha shati.

Sitawaficha, palikuwa na nukta moja ambayo ningeona heri liwe lile nililolifikiria kwanza. Mke akiibiwa, mtu anaonewa huruma na mji mzima. Lakini mji mzima umekuwa ukinyanyua kazi yangu na kuipeleka kwa Tinghe ikamaliziwe, halafu unanisalimu asubuhi, Fundi Bian, umeamkaje. Na mimi najibu kwa kufoka, nikidhani wanaonong'ona ni wao.

Tinghe aliingia ndani, akatoka na lile kopo. Akakitoa kijiti akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. Kilikuwa na alama za meno mpaka kimekuwa chembamba upande mmoja.

“Mwalimu alisema nimpe yeyote kati yetu atakayeanza kufoka kwanza.”

Nikakitazama. Nikamkumbuka yule mzee, anavyofoka kutwa, anavyojipenyeza chini ya gari na kijiti mdomoni, na sisi wapumbavu wawili nje tukicheka habari za tumbaku. Nikamuuliza Tinghe kwa nini basi hakunipa miaka yote hii miwili. Akasema ningemvunja nacho kichwa. Ilikuwa kweli.

Nikalala chini. Nikabana kijiti menoni, mahali pale meno ya mwalimu yalipokwisha pachimba, na ncha ya pili nikaiweka kwenye springi ya kulia, kwenye zile bapa za chuma zilizolaliana. Nikamwonyesha Suilian kwa mguu aruke. Akaruka, na nikahisi chuma kinapumua laini, basi. Nikasogeza kwenye bushi ya mbele, ya nyuma, kwenye shokapu. Laini. Nikahamia upande wa kushoto.

Iliingia kwa meno. Haikupita masikioni kabisa, ilipanda kwenye taya ikaenda nyuma ya macho, nyembamba, chafu, nyii, ileile mbaya niliyoitafuta kwa magari ya watu ujana wangu wote. Nilifumba macho. Niliwaza jambo la kipuuzi kabisa, kwamba ingekuwa vizuri aendelee kuruka mpaka jioni. Kisha nikaanza kuifuata, kidole kwa kidole, ikipungua huku, ikizidi huku, mpaka ncha ikafika kwenye miisho ya bapa mbili za chini na meno yakataka kung'oka.

Nikaomba jeki na spana, nikaifungua. Kati ya bapa na bapa, mwishoni, hukaa kipande kidogo cha plastiki ili chuma kisisugue chuma. Cha kushoto kilikuwa kimelika kikaisha, chuma kimeng'aa kama kisu. Jambo jepesi. Mwanafunzi wa mwezi mmoja hulipata. Kwa desturi tu nikafungua na upande wa kulia nikilinganishe.

Cha kulia kilikuwa kipya. Cheupe, hakijaingia hata vumbi, na grisi nyekundu imekizunguka kwa ustadi.

Hakuna fundi duniani anayebadilisha upande mmoja akaacha mwingine, maana huuzwa pamoja, vinne kwenye mfuko. Na hakuna mlio mdogo kiasi hicho ambao Qu Tinghe angeukosa kwa mwaka mzima, gulio baada ya gulio, mtu anayelisikia guta likiwa bado darajani. Nililala pale na vipande viwili mkononi, kimoja kizima na kimoja kilicholika, nikivitazama. Kijiti kilikuwa bado mdomoni. Nilijua. Alikuwa ametengeneza maguta yote ya Gaotan yaliyotoka kwangu yakilia, yakapona mara moja, isipokuwa hili.

Nilitoka chini. Tinghe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na bakuli la tofu mapajani, hajalifunua. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mkono wangu nilioufumba.

Suilian akauliza ilikuwa nini. Watu wa Mama Niu wanaosubiri mikate walikuwa wamekwisha kusogea, sita au saba, kila mmoja na masikio yake mazima. Neno lilikuwa ulimini, na lilikuwa tamu. Miaka thelathini na tatu nimelitafuta neno la kumwambia mtu huyu mbele ya watu, na sasa limekuja lenyewe, na ushahidi ninao mkononi. Kisha nikafikiria miaka miwili ambayo mji mzima ulijua langu na hakuna hata mmoja aliyenifikishia, kwa sababu yeye aliwaapisha.

Nikaweka mkono mfukoni.

“Ilikuwa imejificha mahali pabaya sana,” nilimwambia, na nilijitahidi kuongea polepole kiasi kwamba Suilian aliinama kunisikiliza. “Mtu yeyote angeikosa. Hata mimi nimebahatisha.”

Tinghe akafunua bakuli, akamimina pilipili, akaanza kula bila kuinua kichwa. Kipara kilianza kutoka jasho kabla hajafika katikati. Niliazima kwake vipande vipya viwili, navyo vilikuwa kabatini kwake, ndani ya mfuko uliofunguliwa, nikafunga kimoja kushoto na kimoja kulia, nikapaka grisi yake nyekundu kwa kuwa yangu sikuja nayo. Kipini nilikunja kwa namna yangu. Suilian akaruka mara tatu. Mama Niu akashusha bega.

Sasa nafanya kazi na kijiti, na watu wanaokuja kwangu wananiona nimekibana wanadhani daktari amenikataza tumbaku. Sijawasahihisha. Magari yanatoka kwangu kimya, hayapiti tena darajani.

Tofu ya Tinghe nampelekea mwenyewe kila siku ya gulio, kwa baiskeli, na pilipili yake. Tunakaa kidogo, ananiita kaka, hatuongei sana. Suilian ameniuliza mara mbili kwa nini najisumbua na umri huu wakati yeye ana guta na anaweza kupita huko kwa dakika kumi. Nimemjibu kwamba guta lake halilii tena, halina shughuli kule.